Maharagwe Niliyomrushia Mama Mkwe

Kericho, 12 Aprili 1934

Mpendwa mshauri, Mama Jerusa, naomba msaada, tena naomba usome mpaka mwisho kabla hujanilaani, kwa sababu kila ninayemweleza jambo hili hunikatiza katikati akacheka, na mimi tangu siku ile sijaona cha kuchekesha ndani yake.

Jina langu ni Lazarus Ojwang, mtu wa kando ya ziwa, Mkristo, nina mke mmoja wa ndoa ya kanisa anayeitwa Aoko, na kazi yangu ni upishi katika shamba moja la chai huku juu, kwenye barabara inayoteremka kwenda stesheni ya Fort Ternan. Mwaka juzi wenye shamba walimleta Mjapani anayeitwa Bwana Morita, aje ajaribu kama majani yetu yanaweza kutengeneza chai ya kijani kama ya kwao, ambayo hunywewa bila maziwa na bila sukari, watu wakanyamaza baada ya kunywa, na mimi ndiye niliyepewa kumpikia. Watu wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, hawakujua wamwite Mzungu au Mhindi, wakakata shauri wakamwita Bwana Majani.

Huyu bwana, mama, ni mpweke, hana mke hapa wala ndugu, na siku moja nilipomwuliza wali unaitwaje kwao alifurahi mpaka akasahau kula, akasema atanifundisha lugha yote, lakini kwa njia ya kwao, yaani kila neno lije na msimu wake na chakula chake na desturi yake, kwa sababu, alisema hivi kwa Kiswahili chake, "Neno bila msimu hapana kaa kichwa." Nikakubali. Basi mwezi wa nne mwaka jana tulitandika mkeka chini ya ule mti wa maua mekundu karibu na faktori, tukala wali uliofinyangwa kwa mikono, tukayatazama maua, kuyatazama tu, na wachumaji waliopita na vikapu vyao wakatuuliza kama tunaumwa. Mvua ya mawe ilipoharibu chai ya shamba zima, meneja alishika kichwa na nyapara alishika kichwa, lakini Bwana Morita aliniita mbio kutoka jikoni anifundishe neno la mawe hayo, ambalo ni arare, kabla hayajayeyuka. Nilimwuliza na neno la theluji, akasema ningoje Desemba, Desemba ikafika Kericho bila theluji, kwa hiyo neno hilo sijafundishwa mpaka leo.

Sasa mimi nikaona si haki nijue haya peke yangu, nikawa kila desturi nikiimaliza kwa bwana naileta nyumbani kwangu. Mwezi wa tisa nilimketisha Aoko nje na vidonge vya unga wa mchele tutazame mwezi mpevu, akaniuliza, "Tunangoja nini?" nikamwambia hatungoji kitu, akaingia ndani akalala. Desemba nilimwambia tule malenge maana ndiyo desturi, akasema malenge anayajua tangu utotoni na hakufundishwa na Mjapani. Mwaka Mpya nilichukua kinu chake, alichopewa na mama yake, nikatwanga wali mpaka ukawa ulimbo, wao huuita mochi, ukang'ang'ania ndani ya kinu na wimbi haikutwangika vizuri humo kwa wiki nzima. Aoko akasema, "Nguo za Wajapani tunanunua kwa Mhindi pale sokoni na kuvaa, hakuna anayetuletea masharti. Wewe haya masharti unayatoa wapi?" Nami nilimjibu kwamba haya si masharti, ni misimu. Wakati huo Aoko alikuwa na mimba, mimba yetu ya kwanza, tuliyoiomba kanisani mpaka mchungaji akachoka kuitaja.

Sasa nakuja kwenye shida yenyewe. Wajapani wana siku yao mwanzoni mwa Februari ya kufunga msimu wa baridi, ambapo mwenye nyumba hukaanga maharagwe makavu, akafungua mlango, akamrushia shetani aliye nje akisema Oni wa soto, maana yake mashetani nje, kisha akarusha ndani ya nyumba akisema Fuku wa uchi, maana yake bahati ndani. Kwao mtu mmoja hujifanya shetani ili watoto wafurahi. Mimi nilimwomba jirani yangu Momanyi, Mkisii wa faktori, ajivike gunia kichwani abishe hodi jioni ya Jumamosi, na malipo yake yangekuwa maharagwe yatakayobaki. Nilimweleza maana ya maneno yote, akasema ameelewa.

Mama Jerusa, wewe unajua kwetu mama mkwe ni nani. Sili mbele yake, simtazami usoni, na yeye halali chini ya paa langu. Mama yake Aoko alikuwa amepanga kuja kumwona binti yake kabla hajajifungua, na tulipatana yote kwa heshima, kwamba atafika Jumatatu, atalala kwa Elmina mke wa Momanyi, na wakati anapomsalimu Aoko nyumbani kwangu mimi nitakuwa jikoni kwa bwana. Kumbe alipata nafasi kwa gari la mizigo kutoka Fort Ternan akafika Jumamosi. Na ilikuwa inanyesha, na huku kwetu kukinyesha kila mtu hujifunika gunia kichwani, na yeye mtu fulani barabarani alimwonea huruma akampa gunia.

Hodi ikabishwa. Nikafungua mlango. Nikaona gunia. Nikarusha.

Nilirusha kwa nguvu, kwa sababu Bwana Morita alinionya kwamba ukirusha kwa aibu shetani hukaa. Gunia likaanguka, kikapu kikaanguka, samaki wakavu wakatawanyika kwenye matope, nikamwona mama mkwe usoni, jambo ambalo lenyewe ni kosa. Naomba unijibu kwa ukweli kama mimi nisemavyo ukweli: nilirusha mara ya pili. Nilikuwa nimeambiwa mara moja haitoshi na desturi ikianza isikatizwe, na mkono ulikuwa tayari ndani ya bakuli. Hapo Momanyi akatokea nyuma ya nyumba na gunia lake akauliza, "Mmeanza bila mimi?"

Mama mkwe hakusema neno kwangu, maana heshima haimruhusu. Alimwuliza Momanyi yale maneno niliyopiga kelele yana maana gani, na Momanyi, ambaye ni mtu mwema na hapendi kumwacha mgeni gizani, akamfafanulia moja moja. Aoko alitoka nyuma yangu, akaokota samaki wote, akawapangusa kwa nguo yake, akaniambia, "Mama yangu ametoka ziwani kuja kuniona mimi, wewe umemwita shetani kwa lugha ambayo hata wewe huijui vizuri." Walilala kwa Elmina, na kulipokucha wakaenda Fort Ternan wote wawili kupanda treni ya ziwani.

Niliandika barua ya kuomba radhi. Bwana Morita alinisaidia, akanieleza kwamba mtu mstaarabu haanzi barua na shida yake, huanza na msimu. Basi nikaanza na mvua za masika, nikaeleza ukungu wa asubuhi na machipukizi ya chai, nikauliza kama vyura wameanza kulia huko kwao, na kuomba radhi kukaingia ukurasa wa pili. Shemeji yangu Phelix ndiye aliyemsomea mama yake, na akanijibu kwamba mama alisikiliza mpaka kwenye vyura, akasimama, akachukua jembe akaenda kupalilia, akasema, "Mwambie mkwe wangu nimesikia kwamba mvua inanyesha." Tena akasema mtoto akizaliwa atazaliwa huko na atapewa jina huko, na mwenye maharagwe akae na maharagwe yake.

Mtoto ni wa mwezi ujao, mama. Na Bwana Morita naye chai ya kijani imemshinda, anahama mwisho wa mwezi huu kwenda Mombasa kwa wenzake wauza nguo, na anataka twende pamoja niwe ulimi wao dukani, kwa sababu Kericho nzima hakuna mtu mwingine anayejua Kijapani. Kazi hiyo ni nzuri kuliko jiko. Nikienda Mombasa sasa ninaogopa Aoko atasema nimechagua, na nisipoenda bwana atapata mwingine.

Kwa hiyo nauliza, niende kwa wakwe au nikae, na nikienda nichukue nini mkononi? Halafu kuna jambo ambalo hakuna anayetaka kunijibu. Desturi ile haikumalizika. Nilisema mashetani nje, mara mbili, lakini bahati ndani sikusema kabisa, maana nyumba ilikuwa imeshavurugika. Bwana Morita anasema nisubiri Februari nyingine. Nyumba imenyamaza, kinu kimekauka, naingia jioni natoka asubuhi hakuna anayeniuliza tunangoja nini. Nampenda mke wangu na ninaogopa sana. Je, naweza kuimaliza mapema?

Mimi wako katika shida,
Lazarus Ojwang

*

Jibu la Mama Jerusa

Ojwang mwanangu,

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoniomba. Kwenye vyura nilicheka, nisamehe. Halafu nikafika kwa Aoko anaokota samaki kwenye matope na tumbo lake lile, kicheko kikaisha.

Wazee husema kosa moja haliachi mke. Lakini wewe mwanangu hukufanya kosa moja. Kurusha mara ya kwanza nimekusamehe mimi, na nadhani hata mama mkwe akieleweshwa atakusamehe: mvua ilinyesha, gunia ni gunia, na aliyetarajiwa alikuwa Momanyi. Lakini ile mara ya pili! Ulikuwa umeshamwona usoni, umeona kikapu, umeona samaki chini, na mkono ukarudi kwenye bakuli, eti desturi isikatizwe. Jameni! Desturi ya nani? Yako ilikuwa imesimama mlangoni imelowa.

Usije ukafikiri nagombana na Kijapani. Jifunze. Mtu akijua lugha moja zaidi ana mlango mmoja zaidi, na mimi mwenyewe nilijifunza kusoma nikiwa na watoto watatu mgongoni kwa zamu. Bwana Morita naye simlaumu. Yule mtu yuko mbali na kwao, hana wa kula naye malenge, anashika misimu yake mmoja mmoja asije akaisahau. Namwonea huruma. Lakini wewe? Kwenu ni safari ya treni ya nusu siku, na umesahau upesi kuliko yeye aliyevuka bahari.

Yeye alikwambia kila neno lina msimu wake na chakula chake na desturi yake. Vizuri sana, alikwambia kweli. Sasa nijibu: mke wako alipopata mimba ya kwanza, huo ulikuwa msimu gani? Kwenye barua yako ndefu nimeutafuta. Maua yapo, mawe yapo, mwezi upo, mpaka theluji ambayo haikunyesha ipo. Mimba umeitaja mara moja, katikati, baada ya kinu. Huo nao ni msimu, Ojwang. Una chakula chake, una maneno yake, una mambo ambayo mwanamume hayajui na hutakiwa kufundishwa. Mwalimu wake alipanda gari la mizigo kutoka Fort Ternan, akapanda mlima mvuani, amebeba samaki. Ukamrushia mwalimu.

Aoko alikuuliza mnangoja nini. Ulimjibu hamngoji kitu, na mtoto yumo tumboni au yuko njiani kuja. Mimi ningeingia kulala pia.

Basi sikiliza, na usinijibu kwa barua, fanya.

Mtafute aliyekuwa mshenga wa ndoa yenu, awe amezeeka au awe amelewa, mpeleke. Mjomba wako naye aende. Mwombe Elmina afuatane nanyi kama ana nafasi, kwa sababu alimlaza mama mkwe wako usiku ule na anaweza kueleza habari ya gunia kama mwanamke kwa mwanamke. Momanyi abaki nyumbani. Hata akijitolea kutafsiri abaki. Hasa akijitolea kutafsiri.

Mkononi chukua kuku jike aliye hai na sukari, na kama una uwezo, kitambaa cha kumfunikia mtoto. Cha Kijapani si vibaya, Aoko hana ugomvi na nguo. Usichukue maharagwe. Usichukue mahindi, wala njugu, wala kitu chochote kinachoweza kutoka mkononi mwako kikaenda hewani. Ile chai ya kijani iache, tumeshasikia habari zake.

Mkifika, wewe usimame nje ya boma kama mkwe anavyosimama, macho chini, mpaka uitwe. Mshenga ataanza. Zamu yako ikifika, neno lako la kwanza liwe "nimekosa." La kwanza, Ojwang! Mvua iache inyeshe yenyewe, wanaiona. Ukishasema nimekosa, sema ulikosa mara ngapi, maana mama mkwe alihesabu. Kisha nyamaza. Wakikusema, nyamaza. Phelix akikucheka, cheka kidogo na wewe, haitakuua.

Usidai Aoko arudi siku hiyo. Mtoto wa kwanza azaliwe pale mama yake alipo, na wewe ukae kwa jamaa zako karibu ungoje habari, upeleke kuni, upeleke maji ukiruhusiwa. Hapo ndipo utakapojifunza maneno ya msimu huo, na yatakaa kichwani.

Na Mombasa? Treni ya Mombasa hupita Fort Ternan mwaka mzima. Mtoto wako wa kwanza atapita mara moja. Nenda kwa Bwana Morita umwambie, kwa lugha yake, kwamba mke wako anajifungua, kwamba utamfuata Mombasa mtoto akishapewa jina nawe ukiwepo, na Aoko akikubali mtakwenda wote. Kama maneno ya kusema hivyo huna, basi usiende kuwa ulimi wa mtu, bado hujajua lugha. Na kama nimemwelewa vizuri huyo bwana kutokana na barua yako, atakufundisha maneno hayo siku hiyohiyo, maana msimu wake umefika. Naye akimpata mwingine akuache, jiko umelizoea.

Sasa hilo swali lako la mwisho, ambalo unasema hakuna anayetaka kukujibu. Mimi nakujibu. Ndiyo, maliza, wala usingoje Februari. Umesema mashetani nje mara mbili, na nyumba ikakutii, wakatoka wote. Nusu iliyobaki ni deni lako.

Siku Aoko atakaporudi na mtoto, mama yake atawasindikiza, hilo nakuhakikishia, maana hatakuamini. Usingoje hodi. Wasikie wakipanda njia, fungua mlango mapema, kisha toka wewe nje, upande ule mwingine wa nyumba, mkwe na mkwe wasipitane mlangoni. Wao waingie, wakae kwenye moto, wamkaushe mtoto. Wakishatulia, sema ile nusu ya pili kutoka hukohuko uliko, kwa sauti ya kusikika, na useme kwa Kijaluo ili mama mkwe aielewe bila msaada wa mtu: bahati ndani.

Itakuwa inanyesha, Kericho naijua. Jifunike gunia kichwani, ukae hapo nje mpaka mama mkwe mwenyewe atakapotuma neno kwamba inatosha.